Refleksolojia kama Taaluma ya Afya Inayodhibitiwa na Sheria: Mafunzo kutoka Wilaya za Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna refleksolojia, yaani tiba ya kubonyeza na kukanda nyayo, inavyoweza kuwekwa katika orodha ya taaluma za afya zinazodhibitiwa na sheria nchini Tanzania, na faida zinazoweza kutajwa kwa uaminifu. Mjadala umejengwa katika wilaya mbili za Mkoa wa Arusha. Ngorongoro imechaguliwa kwa sababu huko, katika kijiji cha Samunge, kulitokea mwaka 2011 jaribio kubwa la udhibiti wa tiba asili katika historia ya karibuni ya nchi. Karatu imechaguliwa kwa kuwa ni mji wa utalii ambamo huduma za kuchua mwili zinakutana na mahitaji ya kiafya ya wakulima, wafugaji na wafanyakazi wa kawaida. Hoja kuu ni kwamba kazi ya kwanza ya udhibiti ni kusimamia madai ambayo mtoa tiba anayatoa mbele ya mgonjwa, na kwamba usajili usiofuatana na usimamizi huo humlinda mganga zaidi kuliko mgonjwa.

Maneno muhimu: refleksolojia, tiba mbadala, tiba asili, udhibiti, Samunge, Karatu, Ngorongoro

1.0 Utangulizi

Kumkanda mgonjwa si jambo geni Afrika Mashariki. Katika mwambao, kuchua na kusinga ni sehemu ya malezi ya mwali, mzazi na mtoto mchanga. Miongoni mwa Wamasai wa Ngorongoro, mkunga wa jadi anayeitwa enkaitoyoni hutumia mikono yake kumsaidia mama mjamzito kabla na baada ya kujifungua. Waunga mifupa nao wanajulikana katika jamii nyingi za wafugaji na wakulima. Kwa hiyo refleksolojia inapoingia katika mazingira haya kutoka nje, inamkuta mtu ambaye tayari anaamini kuwa mkono wenye ujuzi unaweza kuleta nafuu.

Imani hiyo ni mtaji kwa mtoa tiba, lakini pia ni hatari. Mgonjwa anayeamini mkono kwa urahisi anaweza pia kuamini kwa urahisi dai linalotolewa na mwenye mkono huo. Swali linalojibiwa na makala haya ni hili: sheria inapaswa kumtaka mtoa refleksolojia atimize nini ili mgonjwa wa Karatu au Ngorongoro apate faida iliyopo bila kupoteza tiba nyingine anayoihitaji?

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Refleksolojia

Refleksolojia ni utaratibu wa kubonyeza sehemu maalumu za nyayo, na wakati mwingine viganja au masikio, kwa kufuata ramani inayohusisha kila sehemu na kiungo fulani cha mwili. Ncha za vidole vya miguu huhusishwa na kichwa, ukingo wa ndani wa unyayo huhusishwa na uti wa mgongo, na kadhalika. Watetezi wake hupenda kurejelea mchoro uliomo katika kaburi la Ankhmahor huko Saqqara, Misri, unaoonyesha watu wakishikwa miguu na mikono. Hata hivyo, mchoro huo hauthibitishi kuwa Wamisri wa kale walikuwa na ramani ya viungo kama inayotumika leo.

Asili ya mfumo wa sasa ni Marekani. Daktari William Fitzgerald, mtaalamu wa masikio, pua na koo, aligawa mwili katika kanda kumi za wima, na mwaka 1917 alichapisha kitabu kuhusu nadharia hiyo pamoja na Edwin Bowers. Katika miaka ya 1930 Eunice Ingham aliielekeza nadharia hiyo kwenye nyayo, akachora ramani, na mwaka 1938 akachapisha kitabu chake cha kwanza. Ni muhimu kutambua kuwa sayansi ya anatomia haijathibitisha njia ya neva inayounganisha, kwa mfano, sehemu fulani ya unyayo na ini. Ramani hiyo ni mapokeo ya kitaaluma. Thamani ya tiba yenyewe inapaswa kupimwa kwa matokeo yanayoonekana kwa mgonjwa.

2.2 Taaluma inayodhibitiwa

Kazi huwa taaluma inayodhibitiwa pale inapotimiza masharti manne. Kwanza, ujuzi wake unaweza kufundishwa na kupimwa. Pili, kuna mlango wa kuingilia, yaani usajili unaotegemea mafunzo au uthibitisho mwingine unaokubalika. Tatu, mipaka ya kazi inajulikana: mtoa huduma anajua anachoruhusiwa kufanya, kusema na kuuza. Nne, kuna uwajibikaji, kwa maana kwamba mgonjwa aliyedhurika ana mahali pa kulalamika, na mtoa huduma anaweza kuondolewa katika daftari.

Afrika Kusini ni mfano wa karibu. Kwa Sheria Na. 63 ya mwaka 1982 na marekebisho yake, refleksolojia ya kitabibu husajiliwa na baraza la kisheria pamoja na taaluma kama homeopathia, kiropraktiki na tiba ya Kichina. Uingereza ilichagua njia nyingine. Osteopathia na kiropraktiki zilipewa sheria zake mwaka 1993 na 1994, lakini refleksolojia iliachwa katika usajili wa hiari, ambao unasimamiwa na baraza la tiba shirikishi na asilia lililoanzishwa mwaka 2008. Tofauti hii ina maana kubwa. Katika mfumo wa hiari, asiyesajiliwa anaendelea kufanya kazi bila kuvunja sheria; katika mfumo wa lazima, kufanya kazi bila usajili ni kosa.

3.0 Mfumo wa Kisheria nchini Tanzania

Tanzania haikuanza na sheria. Ilianza na utafiti. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa hadhi kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Miaka minne baada ya kuanzishwa kwa kitengo hicho, Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitambua nafasi ya waganga wa jadi katika afya ya msingi. Hatimaye Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliyoanzisha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria hiyo ilitaja mambo mawili kwa jina moja. Tiba asili inahusu ujuzi uliorithiwa ndani ya jamii. Tiba mbadala inahusu mifumo iliyotoka kwingine na isiyo sehemu ya tiba ya hospitali. Refleksolojia iko katika kundi la pili. Uthibitisho wa ujuzi katika makundi haya hauwezi kuwa wa aina moja. Mganga wa jadi anathibitishwa na watu wanaomjua, ndiyo maana maombi ya usajili huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa na kupitia halmashauri ya wilaya kabla ya kufika kwenye Baraza. Lakini mwenyekiti wa kijiji cha Mang'ola au Endulen hawezi kuthibitisha kuwa mtu anajua refleksolojia, kwa sababu ujuzi huo haukukulia kijijini. Anachoweza kuthibitisha ni tabia na makazi ya mwombaji tu. Kwa tiba mbadala, cheti cha mafunzo na mtihani vinapaswa kubeba uzito ambao katika tiba asili hubebwa na jamii.

Sheria ya mwaka 2002 ilitangulia hatua za majirani. Kenya iliweka sehemu ya tiba asili na tiba mbadala katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, na Uganda ilipata sheria yake mwaka 2019. Hata hivyo, kutangulia kutunga sheria hakukuizuia Tanzania kukumbana na mtihani mgumu miaka tisa baadaye.

4.0 Samunge, 2011: Sheria Ilipokutana na Imani

Samunge ni kijiji cha Wabatemi, wanaojulikana pia kama Wasonjo, katika tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro. Huko aliishi Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, aliyeeleza kuwa alioteshwa na Mungu dawa ya magonjwa sugu. Dawa hiyo ilikuwa mizizi iliyochemshwa, ikanyweshwa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magonjwa yaliyotajwa yalijumuisha kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani na UKIMWI.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 watu walianza kumiminika. Wengine walipitia Karatu na Ngorongoro, wengine Mto wa Mbu na Ziwa Natron, na wengine walivuka mpaka kutoka Kenya. Foleni ya magari ilifikia kilomita nyingi katika eneo lisilo na maji ya kutosha, vyoo wala malazi. Makumi ya wagonjwa waliripotiwa kufariki njiani au wakiwa katika foleni, baadhi yao wakiwa wametolewa hospitalini na ndugu zao. Mwezi Machi mamlaka za afya zilitaka huduma isimamishwe kwanza, lakini agizo hilo halikudumu. Mwishoni mwa mwezi huo Mwasapile mwenyewe aliomba watu wasije kwa siku kadhaa ili foleni ipungue. Serikali ikageukia kupanga foleni, usafiri na huduma za msingi, na wataalamu wake wakaeleza kuwa dawa ilikuwa salama kwa matumizi ya binadamu. Mwasapile alifariki dunia Julai 2021.

Mmea uliotumika haukuwa mgeni. Wabatemi huuita engamuryaga, Wamasai huuita olamuriaki, na wataalamu wa mimea huutambua kama Carissa edulis au Carissa spinarum. Timothy Johns na wenzake walikuwa wamechapisha tayari mwaka 1994, katika jarida la Economic Botany, uchambuzi wa kitakwimu wa dawa za Wabatemi. Nchini Kenya, Tolo na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo ya maabara yaliyoonyesha kuwa utomvu wa Carissa edulis una uwezo dhidi ya virusi vya malengelenge. Kwa hiyo lisingekuwa jambo la haki kusema kuwa mizizi ile haikuwa na chochote ndani yake.

Hapa ndipo somo la kwanza linapopatikana. Madhara ya Samunge hayakutokana na sumu ya mmea. Yalitokana na dai. Mgonjwa wa UKIMWI aliyeacha dawa za kufubaza virusi, na mgonjwa wa kisukari aliyeacha insulini, hawakudhuriwa na kikombe. Walidhuriwa na kauli kwamba kikombe kimoja kinatosha. Vipimo vya usalama wa dawa, ambavyo ndivyo serikali iliweza kuvifanya kwa haraka, vilijibu swali ambalo halikuwa kubwa kuliko yote. Kuthibitisha kuwa kitu hakiui si kuthibitisha kuwa kinaponya, lakini katika masikio ya watu waliokata tamaa kauli hizo mbili zilisikika kama moja.

Somo la pili linahusu masharti manne ya taaluma. Mwasapile alisisitiza kuwa dawa hufanya kazi ikitolewa kwa mkono wake. Ujuzi wa namna hiyo haufundishiki, haupimiki kwa mtihani, na hauna mwenzake wa kuusahihisha. Unaweza kuheshimiwa kama huduma ya kiroho, lakini hauwezi kuwa taaluma ya afya. Chombo cha udhibiti kinapokutana nao hakina mlango wa kuingilia, na ndiyo sababu mamlaka ziliishia kupanga foleni.

5.0 Faida za Refleksolojia: Ushahidi Unasema Nini

Iwapo dai ndilo kiini cha udhibiti, ni lazima ijulikane ni dai gani linaruhusiwa. Edzard Ernst alichapisha mwaka 2009, katika jarida la madaktari la Australia, mapitio ya majaribio 18 yaliyogawa wagonjwa kwa nasibu. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa refleksolojia inatibu ugonjwa wowote. Majaribio mengi yalikuwa madogo na yenye kasoro za kimbinu, hasa ugumu wa kutenganisha athari ya ramani ya nyayo na athari ya kushikwa tu.

Utafiti wa Gwen Wyatt na wenzake wa mwaka 2012 ulijaribu kuvuka kikwazo hicho. Wanawake 385 wenye saratani ya matiti iliyofikia hatua za juu waligawanywa katika makundi: waliopata refleksolojia, waliokandwa miguu na watu wasio na utaalamu huo, na walioendelea na matibabu ya kawaida pekee. Waliopata refleksolojia waliripoti nafuu katika uwezo wa kufanya shughuli za mwili na kupungua kwa shida ya kupumua ikilinganishwa na waliobaki na matibabu ya kawaida. Hakukuwa na tofauti ya maana katika maumivu, kichefuchefu au sonona. Aidha, kundi lililokandwa na wasio wataalamu nalo lilipata nafuu ya uchovu.

Matokeo haya yanapaswa kusomwa kwa pande zote mbili. Upande mmoja, kuna mgonjwa mahututi aliyepumua vizuri zaidi na kutembea kidogo zaidi, na hilo si jambo dogo. Upande mwingine, sehemu ya faida inaonekana kutokana na mguso, utulivu na muda ambao mtu anapewa, hata kama anayempa hajui ramani. Hivyo dai linaloweza kuruhusiwa ni kwamba refleksolojia huleta utulivu na inaweza kupunguza baadhi ya dalili kwa mgonjwa anayeendelea na matibabu yake. Dai lisiloweza kuruhusiwa ni kwamba inatambua ugonjwa kupitia unyayo, au kwamba inatibu kisukari, shinikizo la damu, utasa au saratani.

6.0 Karatu: Huduma ya Hotelini na Tiba ya Mtaani

Mji wa Karatu uko katika barabara inayotoka Arusha kuelekea lango la Hifadhi ya Ngorongoro. Wageni hulala katika hoteli zake kabla na baada ya kushuka bonde la kreta, na kuchuliwa mwili na miguu ni miongoni mwa huduma wanazouziwa. Katika mazingira hayo refleksolojia ni burudani. Mgeni ni mzima, analipa, anapumzika, na kesho yake anaondoka. Hatari ni ndogo kwa sababu dai ni dogo.

Hali hubadilika pale ujuzi uleule unapotoka hotelini na kuingia mtaani. Kijana aliyejifunza kukanda nyayo za watalii anaweza kufungua chumba karibu na stendi na kubandika orodha ya magonjwa anayotibu. Mteja wake sasa ni mchumaji wa kahawa wa Oldeani mwenye maumivu ya mgongo, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola mwenye ganzi miguuni, au mama wa Kiiraqw ambaye presha yake haijapimwa kwa mwaka mzima. Mikono ni ileile na unyayo ni uleule. Kilichobadilika ni dai na hali ya anayelisikia.

Hapa kuna hatari mahususi ambazo mafunzo yanapaswa kuzitaja. Ganzi ya miguu inaweza kuwa dalili ya kisukari. Mguu wa namna hiyo hauhisi maumivu, hivyo kubonyezwa kwa nguvu kunaweza kuumiza ngozi bila mgonjwa kujua, na kidonda cha mguu wa kisukari huweza kuishia kwa kukatwa. Uvimbe wa mguu mmoja wenye joto na maumivu unaweza kuwa damu iliyoganda katika mshipa, na kukandwa kunaweza kuongeza hatari ya bonge hilo kusafiri hadi kwenye mapafu. Wafugaji wanaotembea mwendo mrefu kwa makubazi ya matairi huwa na nyufa, miiba na vidonda vinavyohitaji usafi wa vifaa na mikono. Mtoa refleksolojia aliyefundishwa vizuri hupata fursa ambayo wahudumu wengi wa afya hawaipati: anautazama unyayo wa mtu kwa nusu saa nzima. Akijua cha kutazama, anaweza kuwa wa kwanza kumwelekeza mgonjwa hospitalini. Asipojua, anaweza kuwa wa mwisho kumchelewesha.

Hospitali ya Kilutheri ya Karatu, Hospitali ya Endulen ndani ya Hifadhi na Hospitali ya Wasso huko Loliondo ni vituo ambavyo rufaa ya aina hiyo inaweza kuelekezwa. Katika Ngorongoro, ambako umbali kati ya boma na hospitali ni mkubwa, siku moja inayopotea kwa dai la uongo huwa ni zaidi ya siku moja.

7.0 Mjadala

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanaweza kupendekezwa katika usajili wa refleksolojia chini ya Sheria ya mwaka 2002.

Kwanza, njia ya uthibitisho wa tiba mbadala itenganishwe na ile ya tiba asili. Barua ya kijiji iendelee kuhitajika kwa ajili ya kumtambua mwombaji, lakini ujuzi upimwe kwa mafunzo yenye anatomia, usafi na dalili za hatari. Pili, mipaka ya madai iandikwe katika cheti chenyewe cha usajili na kubandikwa mahali pa huduma kwa Kiswahili. Mgonjwa anayesoma ukutani kwamba huduma hii haichukui nafasi ya dawa za hospitali analindwa na karatasi hiyo kila siku, hata pale mkaguzi asipofika. Tatu, rufaa iwe wajibu wa kisheria, na daftari la wagonjwa walioelekezwa hospitalini liwe sehemu ya ukaguzi wa mratibu wa tiba asili wa wilaya. Nne, hoteli zinazotoa huduma ya kukanda nyayo kwa ajili ya mapumziko zisilazimishwe kufuata utaratibu wa kitabibu mradi hazitoi dai la tiba. Kudhibiti kila mguso kungeongeza gharama bila kumlinda yeyote.

Inaweza kupingwa kwamba kusajili tiba ambayo nadharia yake haijathibitishwa ni kuipa heshima isiyostahili. Pingamizi hili ni zito. Muhuri wa serikali husomwa na wengi kama uthibitisho wa ufanisi, na Samunge ilionyesha hivyo: kauli kwamba dawa haina madhara iligeuka kuwa tangazo lake. Hata hivyo, kutosajili hakuiondoi huduma mtaani. Kunaiacha bila jina, bila anwani na bila mahali pa kulalamikia. Jibu lililo bora ni usajili unaosema wazi kile unachothibitisha, yaani mafunzo na mwenendo wa mtoa huduma, na kile usichothibitisha, yaani uponyaji wa ugonjwa.

Ikumbukwe pia kwamba ukosefu wa mipaka huwaumiza watoa tiba wenyewe. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Katika hali kama hiyo mganga mwaminifu asiye na usajili hana namna ya kujitofautisha na mhalifu anayejiita mganga. Mipaka iliyoandikwa ni kinga kwa pande zote mbili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa refleksolojia inatimiza sharti la kwanza la taaluma, kwa kuwa inafundishika, na kwamba faida yake iliyothibitika ni ya kiasi: utulivu na nafuu ya baadhi ya dalili kwa mgonjwa anayeendelea na matibabu. Masharti mengine matatu, yaani mlango wa kuingilia, mipaka na uwajibikaji, yanaweza kutimizwa ndani ya sheria iliyopo bila kutunga nyingine. Tofauti kati ya Samunge na chumba cha kukandia nyayo mjini Karatu ni kubwa kwa ukubwa wa tukio, lakini swali ni lilelile: nani anamsimamia anayemwambia mgonjwa kuwa atapona? Mkoa wa Arusha, wenye historia ya Ngorongoro na soko la Karatu, ungekuwa mahali panapofaa kuanzia majaribio ya cheti chenye mipaka ya madai, kwa kulinganisha idadi ya rufaa zinazopokelewa hospitalini kabla na baada ya cheti hicho kuanza kutumika.